Mafunzo Sita Niliyopata kwa Plagi ya Drili ya Baba

Drili ya marehemu baba ina mwili wa chuma na ilitengenezwa Uingereza. Aliitumia miaka mingi katika karakana yake ya useremala Nsambya, hapa Kampala. Nilipoirithi ilikuwa bado inazunguka vizuri, ila plagi yake ilikuwa na ufa uliozungushiwa utepe mweusi, na baada ya dakika chache haikushikika kwa joto. Nikaipeleka mtaa wa Katwe kwa fundi mmoja mzee. Alinipa bisibisi, akasema: "Fungua mwenyewe, mwanangu. Mimi nitakuangalia."

1. Plagi ikipata moto, kuna kitu kimelegea. Skrubu ya waya wa moto ilikuwa imelegea, na nyuzi chache tu za shaba ndizo zilizokuwa zikigusa. Umeme ukibanwa mahali pembamba hutoa joto, joto nalo huzidi kulegeza skrubu, mwishowe plastiki huungua. Utepe ulikuwa umeficha ugonjwa tu.

2. Fyuzi haina mbadala. Mahali pake nilikuta kipande cha waya wa shaba. Drili hii ni ya wati 500. Ukigawanya kwa volti 240 unapata ampea 2 na kidogo, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inatosha. Ile ya 13 ni ya birika na pasi. Kipande kile cha shaba kisingekatika hata kebo ingeshika moto.

3. Jua rangi za zamani. Kwenye vifaa vya Uingereza vya kabla ya miaka ya 1970, nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Siku hizi moto ni kahawia, nyutro ni buluu, na ethi ni kijani chenye mistari ya njano. Ukiifungua plagi, pini zikielekea mezani na ile ndefu ikiwa upande wa mbali nawe, waya wa moto hukaa kulia, upande wa fyuzi.

4. Waya wa ethi uwe mrefu kuliko wenzake. Kebo ikivutwa kwa nguvu, huo ndio uwe wa mwisho kuchomoka. Kibanio nacho kishike ganda la nje la kebo, si nyaya za ndani. Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba havihitaji ethi. Kifaa cha chuma kitupu kama drili hii kinaihitaji. Kwenye drili ya baba, waya huo ulikuwa umekatwa na kukunjwa pembeni.

5. Nunua plagi kwa macho na sumaku. Mzee alinituma mjini nikiwa na sumaku mfukoni. Pini nzuri ni za shaba nyeupe, kwa hiyo hazinaswi. Zilizonaswa niliziacha dukani. Pini mbili fupi huvikwa plastiki shingoni, lakini ya ethi haivikwi. Ukiona imevikwa, hiyo ni feki, kwa sababu plastiki huizuia kugusa ethi ya soketi. Tafuta pia maandishi BS 1363.

6. Kuwaka si ushahidi wa usalama. Nilipomaliza kufunga plagi mpya, pamoja na waya wa ethi, nilitaka kuichomeka mara moja. Mzee akanizuia, akaweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye pini ya ethi na nyingine kwenye mwili wa drili. Mita ikalia, ishara kwamba ethi imeungana na mwili. "Sasa imepona," akasema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba alikuwa akiishika drili isiyo na ethi, huku akiamini ni nzima kwa kuwa inazunguka. Waya mmoja ungechubuka ndani, chuma chote kingekuwa na umeme.

Ndugu msomaji, kama una kifaa kikuukuu nyumbani au karakanani, kichomoe leo, ufungue plagi yake na uangalie ndani. Plagi hununuliwa kwa bei ndogo. Mkono unaoshika kifaa hicho hauuzwi popote.