Nifute au nitume?

*Mimi ni mama wa nyumba ya kusikiliza hapa Baraka. Kwenye simu yangu mna sauti za kina mama waliobakwa njia ya Fizi, na picha za majeraha. OPJ mmoja anataka nimtumie zote kwa WhatsApp, kwenye namba yake mwenyewe, eti afungue dosiye. Shirika moja nalo linaomba picha za ripoti. Mtoto wa dada yangu ananiambia nifute kila kitu maana kwenye barieri wanapekua simu. Na mama mmoja kati yao ameniomba sauti yake ifutwe. Usingizi umenipotea. Nifanye nini?*

Mama, pole sana. Kwa leo usifute chochote, wala usimtumie mtu yeyote chochote. Sauti iliyofutwa huna pa kuitafuta, na iliyotumwa huna tena uwezo nayo.

Huyo OPJ, yaani afisa wa polisi ya mahakama, huenda ana nia njema. Dosiye nyingi kwetu hukwama kwa kukosa ushahidi, naye analijua hilo. Lakini namba yake binafsi si ofisi: akihamishwa kesho, siri za kina mama zinaondoka naye mfukoni. Tena njia hiyo inaidhuru kesi yenyewe. Picha ikipita WhatsApp kwa kawaida hubanwa, na saa na mahali ilipopigwa, vilivyokuwa vimefichika ndani yake, hupotea. Wakili wa mshtakiwa atauliza tu: nani ajuaye kama picha hii ni ya Fizi? Sheria ya dijitali ya nchi yetu, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayapa maandishi ya kielektroniki nguvu sawa na karatasi, ila kwa sharti kwamba aliyeyatoa ajulikane na yawe yametunzwa bila kuchezewa.

Ushahidi wa simu unaweza kumfunga mtu, tena katika jimbo letu hili. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu kifungo cha maisha makamanda wawili wa waasi wa FDLR kwa uhalifu wa mwaka 2012 huko Kamananga na Lumenje, Kalehe. Sehemu ya ushahidi ilikuwa picha zilizopigwa kwa programu iitwayo eyeWitness. Programu hiyo hunasa saa na mahali palepale picha inapopigwa, kisha huipa faili namba ndefu inayotokana na faili yenyewe. Ukigusa hata nukta moja, namba haitalingana tena.

Wewe huna programu hiyo, lakini una kayee, daftari lako. Tafuta wakili, au kliniki ya sheria unayoiamini, mkae pamoja na hiyo simu. Sauti na picha zinakiliwe kwenye kadi mbili jinsi zilivyo, si kwa kutumiana. Kwenye kayee andika tarehe, nani alirekodi, wapi, nani ameshika simu tangu siku ile. Majina ya kina mama yasikae na sauti zao: kila mama apewe namba, na orodha ya majina ikae nyumba nyingine kabisa. Simu yenyewe ilale ofisini. Barabarani pita na kasimu kadogo kasiko na kitu. Kufanya hivyo kunajibu hofu ya mtoto wa dada yako bila kuteketeza ushahidi.

Hapo hapo nikuulize: simu hiyo unaichaji wapi? Watu wengi huiacha kwenye kibanda tangu asubuhi, imebandikwa kikaratasi cha namba, haina hata neno la siri, na picha za WhatsApp zimejihifadhi zenyewe kwenye galeri. Wenzetu wanaogopa wapelelezi wa Kinshasa na kumsahau kijana wa chaja.

OPJ mjibu kwa heshima: uko tayari kusaidia, ila aandike anachotaka, kwa kesi ipi na ya nani, nawe utakabidhi hicho tu, mbele ya wakili, kwa PV (hati rasmi) inayotaja kila faili. Akitaka kuchukua simu nzima, usishindane naye; dai PV ya ukamataji na mwite wakili mara moja. Mna kina mama wengine mle ndani wasiohusika na kesi ya mmoja. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu, na haiguswi ila pale sheria inaporuhusu.

Shirika linyime picha. Ripoti inahitaji idadi na maeneo. Jeraha la mtu halitakiwi humo. Mama aliyekubali sauti yake iende mahakamani hajakubali iende kwa wafadhili. Hayo ni maswali mawili, na kila mmoja aulizwe yote mawili, faraghani.

Waeleze kina mama pia kwamba mambo yamebadilika kidogo. Februari 2011, hapa hapa Baraka, mahakama ya kijeshi ya kutembea ilimhukumu Luteni-Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa ubakaji wa siku ya Mwaka Mpya mjini Fizi, na wanawake walikuja wenyewe kusema. Katika kesi ya watoto waliobakwa Kavumu, Desemba 2017, mashahidi walifunikwa na sauti zao zikabadilishwa, na mahojiano ya watoto yalirekodiwa kwa video. Sheria namba 06/019 ya Julai 2006 inamtaka mwendesha mashtaka na jaji walinde usalama, heshima na faragha ya mwathirika. Akiomba, kesi husikilizwa milango imefungwa.

Sasa huyo mama anayetaka sauti yake ifutwe. Sauti ni yake, na kama hakuna kesi wala ombi lolote rasmi linalomhusu, haki yake itimizwe. Lakini OPJ amekwisha kuuliza, na ukifuta sasa unaweza kuambiwa umeficha ushahidi. Kwa hiyo mpeleke kwa wakili kabla ya kugusa kitu. Kukataa kwake kuandikwe, kuwekwe tarehe, na sauti yake itengwe kwenye kadi ya peke yake, isichanganywe na zile utakazokabidhi. Mwambie wazi kwamba hujaifuta, na kwa nini.