Somo la Tano: Kununua na Kutunza Kundi la Anthiasi katika Tangi la Nyumbani

Samaki wa mapambo wa baharini ni bidhaa inayouzwa ikiwa hai. Haina tarehe ya mwisho wa matumizi wala nembo ya ubora, na mnunuzi hana budi kutegemea macho yake na maswali anayomuuliza muuzaji. Katika somo hili tunamzungumzia mtumiaji anayetaka kuweka kundi la anthiasi katika tangi lenye matumbawe hai. Tumewachagua samaki hawa kwa sababu uzuri wao huwavutia wengi, na kwa sababu hasara inayowapata wanunuzi wao mara nyingi huwa na chanzo kimoja: njaa. Shabaha yetu ni kumsaidia msomaji aamue, kabla hajalipa, kama ataweza kuwalisha.

Anthiasi ni samaki gani?

Anthiasi ni samaki wadogo wa miamba ya matumbawe, wenye nasaba ya karibu na chewa. Aina inayojulikana zaidi madukani ni Pseudanthias squamipinnis. Mwanasayansi Mjerumani, Wilhelm Peters, ndiye aliyeieleza aina hii kitaalamu mwaka 1855, kutokana na samaki wa pwani ya Msumbiji. Aina hiyo hupatikana tangu Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini, na kuelekea mashariki hadi Japani na Australia. Kwa hiyo mzamiaji wa Watamu au Kisite hana haja ya kwenda mbali ili kuwaona.

Jike ana rangi ya machungwa, na mstari wa zambarau huanzia penye jicho lake ukashuka kuelekea pezi la ubavuni. Dume ana wekundu ulioingia zambarau, na mwiba mmoja wa pezi la mgongoni mwake hurefuka kama uzi. Samaki aliyekomaa anaweza kufikia sentimita 15.

Mchana anthiasi hupanda juu ya mwamba kwa kundi, wakaelekea mkondo wa maji, wakidaka mmoja mmoja wale viumbe wadogo wanaoelea waitwao planktoni. Usiku hujificha mashimoni. Hawangoji mlo mmoja mkubwa kama afanyavyo chewa. Hula kidogo kidogo tangu asubuhi hadi magharibi. Tabia hii moja ndiyo inayoamua ukubwa wa tangi, aina ya chakula, na hata ratiba ya mwenye nyumba.

Kwa nini kundi, na kundi la namna gani?

Katika mwamba, majike huwa wengi kuliko madume. Kila anthiasi wa aina hii huanza maisha akiwa jike. Dume akitoweka, jike mwenye cheo cha juu katika kundi hubadilika akawa dume katika muda wa wiki chache. Mtafiti Lev Fishelson alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya jambo hili mwaka 1970, akaonyesha kwamba kuwapo au kutokuwapo kwa dume ndiko kunakoongoza mabadiliko hayo.

Mnunuzi ana mafunzo matatu ya kuchukua hapa.

Kwanza, hakuna ulazima wa kununua dume. Dume huvutia kwa rangi yake, na muuzaji anaweza kumtoza mnunuzi zaidi kwa sababu hiyo. Mnunuzi akichukua majike peke yao, mmoja wao atageuka dume baadaye.

Pili, madume wawili katika tangi la kawaida la nyumbani ni ugomvi ulionunuliwa kwa fedha. Aliye dhaifu hukimbizwa, hunyimwa chakula, na mwishowe hufa.

Tatu, kundi dogo mno lina hatari zake. Kati ya samaki watatu, yule wa chini hubeba mashambulizi yote. Tunapendekeza dume mmoja na majike watano au sita, ili uonevu usimwelemee mmoja. Yafaa waingizwe tangini kwa pamoja. Hilo lisipowezekana, majike watangulie na dume afuate.

Tangi na maji

Kwa kundi tulilolitaja, tunapendekeza tangi lisilopungua lita 450, lenye urefu wa sentimita 150 au zaidi, ili samaki wapate nafasi ya kuogelea na ya kukimbiliana. Miamba ipangwe kwa namna inayoacha mashimo mengi, kwani kila samaki huhitaji mahali pake pa kulala. Tangi lifunikwe kwa wavu au kioo, maana anthiasi wakishtuka huruka nje.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi, na chumvi iwe gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Amonia na nitriti zisionekane kabisa katika vipimo. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita, pengine zaidi, ili bakteria wanaovunja uchafu wakue. Muuzaji anayemuuzia mtu tangi na kundi la samaki siku moja hamtendei haki.

Wakazi wa Mombasa, Malindi na Lamu wakumbuke kwamba joto la chumba linaweza kuyapasha maji kupita kiasi. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia kuyapoza. Lakini upepo huongeza uvukizi, na kinachovuka ni maji matupu, chumvi hubaki. Kwa sababu hiyo tangi lijazwe kwa maji safi yasiyo na chumvi wala klorini. Aidha, kila mwenye tangi awe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Umeme ukikatika, mzunguko wa maji husimama, na samaki waliojaa mahali pamoja huishiwa na hewa haraka.

Hesabu ya chakula

Tunashauri anthiasi walishwe si chini ya mara tatu kwa siku, kila mara kiasi kidogo kinachokwisha katika dakika chache. Hiyo ni milo 21 kwa wiki na 1,095 kwa mwaka. Tunamwomba msomaji aitazame hesabu hiyo kabla ya kuutazama mfuko wake. Mtu anayeondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurejea saa moja jioni huwaacha samaki wake saa 13 bila chakula, isipokuwa yupo mtu mwingine wa kuwalisha. Ni nani atakayewalisha saa sita mchana? Ni nani atakayewalisha wakati wa likizo, familia ikisafiri mashambani?

Chakula kifaacho ni uduvi wadogo waliogandishwa, kama wale wa aina ya misisi na artemia, pamoja na kopepodi na mayai ya samaki. Samaki waliozoea wanaweza kula punje kavu, na hapo kifaa cha kulisha chenyewe kwa saa kitafaa kwa mlo wa mchana. Lakini wengine hawazikubali punje kamwe, na kifaa hicho hakiwezi kutoa chakula kilichogandishwa.

Kulisha mara nyingi huchafua maji. Tangi la anthiasi lahitaji mashine ya kutoa povu la uchafu yenye nguvu ya kutosha, na tunapendekeza kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Chakula, umeme na chumvi ni gharama za kila mwezi, nazo hudumu muda wote samaki wanapoishi. Bei iliyobandikwa dukani ni sehemu ndogo tu ya gharama yote.

Aina zote hazilingani kwa ugumu. Pseudanthias squamipinnis na Pseudanthias bartlettorum huzoea tangi vizuri zaidi. Pseudanthias evansi, mwenye rangi ya zambarau na mgongo wa manjano, hupatikana katika pwani yetu na huweza kuuzwa kwa bei nafuu, lakini ni mgumu kuzoeshwa chakula. Anayeanza amwache. Rahisi huwa ghali.

Dukani: mambo ya kukagua kabla ya kulipa

1. Uliza samaki walifika lini. Tunashauri wawe wamekaa dukani wiki moja au zaidi.

2. Omba walishwe mbele yako. Samaki asiyekula mbele ya mnunuzi asinunuliwe, hata muuzaji akiahidi kwamba atakula nyumbani.

3. Tazama tumbo na mgongo. Tumbo lililobonyea na nyama iliyokonda nyuma ya kichwa ni dalili za njaa ya muda mrefu.

4. Tazama uogeleaji. Samaki anayehangaika kukaa sawa majini, mkia juu au kichwa juu, huenda alitolewa kwenye kina kirefu kwa haraka na kibofu chake cha hewa kikaumia.

5. Tazama ngozi. Vidonda vyekundu ubavuni huweza kuwa kazi ya kijidudu kiitwacho Uronema marinum, ambacho huwashambulia sana anthiasi.

6. Uliza samaki walivuliwa wapi na kwa njia gani. Katika hifadhi za taifa za baharini za Kenya, kama Watamu na Kisite, uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi. Kwa samaki wa kutoka nje, fahamu kwamba uvuvi wa kutumia sayanidi umejulikana Ufilipino tangu miaka ya 1960. Sumu hiyo huua matumbawe.

7. Uliza hati za matumbawe. Anthiasi hawamo katika orodha za mkataba wa CITES, lakini matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili, na hayavuki mipaka ya nchi kihalali bila kibali.

8. Dai risiti inayotaja aina ya samaki, idadi yao na tarehe. Mkiafikiana juu ya dhamana, iandikwe.

Baada ya ununuzi

Samaki wapya watengwe katika tangi dogo kwa wiki nne au zaidi kabla ya kuchanganywa na wengine. Wakihitaji dawa ya shaba, itumike humo humo, kwani shaba huua matumbawe na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Wasiwekwe pamoja na chewa au kikande, ambao huweza kuwala au kuwajeruhi.

Haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Swali kuhusu chakula cha samaki au mahali alipovuliwa ni swali halali, na muuzaji mwema atalijibu bila kununa. Asipolijibu, mnunuzi ana sababu ya kutosha ya kuondoka.

Zoezi

Kabla ya kwenda dukani, chukua karatasi uandike saa tatu za kila siku ambazo chakula kitatolewa. Mbele ya kila saa andika jina la atakayekitoa, tangu Jumatatu hadi Jumapili, kisha umwonyeshe kila uliyemtaja ili akubali. Palipo na nafasi isiyo na jina, kundi la anthiasi lisubiri. Tangi lile lile linaweza kuwafaa samaki wanaoridhika na mlo mmoja au miwili kwa siku, nao watapendeza vilevile.