SOMO: PAA LINALOLINDA DARAJA



Mwenzetu mmoja, utingo, alivunjika mguu daraja la magogo lilipokatika chini ya lori. Kwa nje magogo yalionekana mazima, kumbe ndani yameoza. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba fungu la matengenezo halipo. Kwa hiyo leo tujifunze habari za daraja la mbao lililodumu tangu mwaka 1866.

Daraja hilo liko Marekani, juu ya mto Connecticut, baina ya Cornish katika jimbo la New Hampshire na Windsor katika jimbo la Vermont. Kabla yake yalijengwa matatu, mwaka 1796, 1824 na 1849, yote yakachukuliwa na mafuriko. Ndipo mafundi James Tasker na Bela Fletcher walipojenga la nne kwa dola 9,000. Urefu wake ni kama mita 137, na katikati ya mto limeegemea nguzo moja tu ya mawe.

Siri yake ni nini? Limeezekwa na kuzungushiwa mbao kama nyumba. Wengi hudhani paa ni la kumkinga msafiri na mvua. Sivyo. Paa hulinda miti inayobeba mzigo. Mti unaolowa mara kwa mara huoza, hasa kwenye maungio. Ukikaa mkavu hupita miaka mia. Ubao wa nje ukioza, fundi hubadilisha siku hiyo hiyo. Mhimili ukioza, daraja limekwisha.

Zamani kila aliyevuka alilipa ushuru. Jimbo la New Hampshire lililinunua mwaka 1936, na ushuru ukafutwa mwaka 1943.

Lakini paa peke yake halitoshi. Kwa kubeba mizigo miaka mingi daraja lilibonyea, likafungwa mwaka 1987. Mafundi waliweka mihimili mipya ya mbao zilizounganishwa kwa gundi, na mwaka 1989 likafunguliwa. Gharama ilikuwa dola milioni 4 na zaidi.

Basi tusikubali kuambiwa kwamba matengenezo ni anasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayeumia kwanza ni mfanyakazi.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Kazini kwetu, ni kitu gani kinaoza bila kuonekana?
2. Nani hukikagua, na mara ngapi?
3. Tumeandika barua kwa mwajiri, au tumenung'unika tu?