Masikio yako unaposhuka mgodini

Mfanyakazi, lifti inaposhuka shimoni masikio yanaziba. Kwa nini? Hewa ya chini ni nzito zaidi, inasukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Nyuma ya ngoma pana chumba kidogo, na mfereji wa milimita 35 hivi unaokiunganisha na nyuma ya pua. Mfereji huo hufunguka ukimeza mate au ukipiga miayo, hewa ikaingia. Basi meza mate tangu lifti inapoanza kushuka.

Ukiwa na mafua, mfereji unavimba, na ngoma inaweza kuumia. Mwambie kapita, umwone mganga kabla ya kushuka.

Mama, mfereji wa mtoto ni mfupi na umelala. Mafua hufika sikioni upesi. Usaha ukitoka, usitie kitu sikioni: mpeleke kwa mganga.