Dondoo muhimu: Friji inapopiga king'ora

• Kagua mlango. Bana karatasi kwenye mpira wake. Ikichomoka kirahisi, osha mpira kwa maji ya sabuni. Ukiwa umechakaa, ubadilishe.

• Umeme umetoka kurudi? Zima king'ora, usifungue mlango, ipe friji saa kadhaa ipoe.

• Usiingize sufuria ya moto wala kuziba matundu ya hewa.

• Chomoa plagi, futa vumbi nyuma, kisha sogeza friji mbali kidogo na ukuta.

• Acha kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye friji usiku kucha: isizidi 4°C. Friza iwe -18°C.

• Nyama, samaki au maziwa yaliyozidi 4°C kwa zaidi ya saa 2, tupa. Usionje.

• Bado inalia? Mwite fundi.