Daktari Mtarajiwa, Semina Hii ni Yako: Vidokezo 6

Zamu yako ya kuwasilisha imefika? Hongera! Uwe wa uchumi au wa menejimenti, semina ya uzamivu inakupa watu wenye uzoefu wa kuichambua kazi yako bure, tena kabla watahini hawajaigusa. Wafaidi!

1. Swali mezani mapema
Historia ya benki tangu uhuru inaweza kusubiri. Slaidi ya pili ibebe swali lako kwa sentensi moja. “Mchango wa huduma za fedha katika maendeleo” si swali. “Je, kaya iliyo karibu na wakala wa M-Pesa huyumba kidogo kuliko iliyo mbali mvua zisiponyesha?” Hapo sawa! Hata aliyechelewa atajua mnajadili nini.

2. Jiandae kwa swali lile lile
Unalijua. Profesa atavua miwani na kuuliza: “Umejuaje kwamba hicho ndicho kilichosababisha?” Tuseme watumiaji wa M-Pesa wana hali nzuri kuliko wengine. Je, M-Pesa ndiyo iliyowainua, au walijisajili kwa kuwa tayari walikuwa nacho? Wanauchumi Tavneet Suri na William Jack walikabili kigingi hicho nchini Kenya. Badala ya kulinganisha tu watumiaji na wasiotumia, waliangalia jinsi mawakala walivyoongezeka karibu na kaya mbalimbali. Mwaka 2016 walikadiria kuwa huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 katika umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya. Nawe andika jibu lako kwa sentensi nne, ulisome kwa sauti mpaka lilainike. Palipo na udhaifu, utaje wewe kwanza; utaona ukumbi unavyokuwa upande wako.

3. Namba moja, iongee
Jedwali la safu tisa halisomeki kutoka viti vya nyuma. Bakiza mbili, zungushia duara namba inayobeba hoja, kisha iseme kwa lugha ya sokoni: ni shilingi ngapi kwa mwezi, kwa kaya ya kawaida? Nyota za pembeni zitajieleza zenyewe.

4. Wa menejimenti, usiombe radhi
Umehoji mameneja wa hoteli nne tu Zanzibar? Vizuri! Eleza kwa nini hizo nne: labda mbili ni za familia na mbili ni za kampuni za nje. Kisha soma kauli moja ya mhojiwa neno kwa neno, bila kumtaja jina. Waliokuwa wanachungulia simu watainua vichwa.

5. Mpe rafiki kalamu
Kujibu na kuandika kwa wakati mmoja hakuwezekani. Rafiki aandike kila swali na aliyeliuliza. Usiku huo huo chagua ya kurekebisha wiki hii na ya kusubiri sura ijayo. Ukisharekebisha, mwandikie muulizaji mistari mitatu: “Profesa, nimefanyia kazi hoja yako, hivi ndivyo ilivyokaa.” Wachache hufanya hivyo, na maprofesa hawasahau.

6. Usiishie idarani kwako
Hudhuria semina za wenzako na uulize angalau swali moja. Wanauchumi, fuatilieni pia matangazo ya AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1988, ambayo warsha zake hukutanisha watafiti wa nchi nyingi za Afrika. Likitoka tangazo, muoneshe msimamizi wako rasimu siku hiyo hiyo.