Mshika Mbili Moja Humponyoka

Jioni, katika nyumba nyingi siku hizi, baba ameinamia simu yake, mama ameinamia yake, nao watoto wanagombania ya tatu. Apitaye nje hudhani nyumba hiyo imetulia. Kumbe imetawanyika.

Hatukusudii kulaani chombo. Simu hutuletea habari za mgonjwa aliye mbali, na kwa hiyo twapeleka ada ya shule. Twauliza jambo moja tu: chombo hiki chafanya nini kwa uwezo wa mtu wa kukaza akili?

Bibi Gloria Mark, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, huko Marekani, amewachunguza watu kazini kwa miaka mingi. Mwaka 2004 aliona kwamba mtu hukaa na jambo moja kwenye kompyuta muda wa dakika 2 na nusu hivi, kisha huhamia jingine. Mwaka 2012 muda huo ulikuwa sekunde 75. Katika vipimo vya miaka ya karibuni umeshuka hata sekunde 47 hivi. Tena aliona kwamba karibu nusu ya kukatizwa huko mtu hujikatiza mwenyewe, pasipo kuitwa na yeyote.

Tusizidishe neno. Hadithi isemayo kwamba usikivu wetu umekuwa mfupi kuliko wa samaki wa chupani haina msingi. Mtu huyohuyo aweza kutazama mpira dakika 90 bila kuchoka. Kilichobadilika ni mazoea. Kila turukapo toka jambo hili hata lile, mawazo ya lile la kwanza hubaki kichwani na kulizuia la pili. Nazo video fupifupi zisizo na mwisho zimepangwa hivyo makusudi, maana wenye nazo hupata fedha za matangazo kwa kadiri tukaavyo tukitazama.

Hasara kubwa huwapata watoto. Hesabu ndefu, kitabu kinene, masimulizi ya babu: yote hayo hudai saburi, na saburi hujengwa kwa mazoezi.

Basi yatupasa nini? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya mwaka 1 asitazamishwe kioo kabisa, na wa miaka 2 hata 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Sisi twaongeza: wakati wa chakula simu zote ziwekwe kando, na ya baba itangulie.

Samaki mkunje angali mbichi, lakini wazazi nao wajikunje. Mtoto ajapo na daftari lake akisema, “Baba, tazama,” naye akaambiwa “Ngoja” na macho yasiinuke, amekwisha kufundishwa kwamba kuna kitu kinachompita yeye kwa thamani. Somo hilo halihitaji kurudiwa mara nyingi. Leo jioni, akija, tuinue macho.